Jembe Hulipwa kwa Jembe

Mama yangu alipokatwa mguu, kuna majirani waliofurahi kwa niaba yetu. Sisemi kwamba walikuwa watu wabaya. Walikuja na uji, wakakaa, wakalia, kisha wakaanza kupiga hesabu: mtu wa mguu mmoja haendi mbali, asiyekwenda mbali hachoki, asiyechoka hali sana. Mmoja akasema hata mafuta ya kujipaka sasa yatatumika nusu. Wakacheka, na mama akacheka pia, mara ya kwanza tangu arudishwe kutoka hospitali ya wamisheni. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kama kumi na miwili, na niliwaamini.

Leo nimemzidi mama umri aliokuwa nao siku ile, na bado sijawasamehe hesabu ile. Mguu uliozikwa nyuma ya hospitali ulikula kuliko ule uliobaki. Ulikula zizi, ukala ghala, ukala na shule yangu, wala haukushiba.

Kwetu palikuwa mlimani, mwendo wa asubuhi nzima kutoka soko la Mukuyuni. Kilichomwondolea mama mguu kilikuwa mwiba tu. Mwiba ukawa kidonda, kidonda kikawa kidonda ndugu, kile kisichokubali kuachana na mwenyewe, na baada ya mwaka mzima wa majani na maombi wajomba zangu wakambeba kwa machela hadi hospitali. Hata kubebwa kulikuwa na bei. Wanaume wanne, siku mbili kwenda na siku mbili kurudi, hawawezi kula mboga. Tulikuwa na mbuzi saba. Wawili waliondoka kabla daktari hajashika msumeno.

Kisha yakaja magongo. Mchongaji wa pale Mukuyuni alikuwa mtu mwema, hakutulangua. Kuku mmoja kwa magongo mawili ni bei ya haki. Tatizo ni kwamba nchi yetu ni mawe, na gongo likigongwa kwenye mawe kuanzia alfajiri hadi jioni huisha chini kama sabuni. Usiku ukiliegemeza ukutani, mchwa nao wanakuja kuchukua fungu lao. Kila baada ya miezi michache gongo limekuwa fupi, mama anatembea ameinama upande mmoja, na kuku mwingine anafungwa miguu kupelekwa sokoni. Majirani zetu walikuwa wakitembelea miguu waliyotoka nayo tumboni, na sikuwahi kusikia hata mmoja akiilipia kuku.

Na maji. Ungedhani mtu wa mguu mmoja atahitaji maji machache. Kigutu cha mama kilitakiwa kuoshwa asubuhi na jioni kwa maji yaliyochemshwa, na vitambaa vyake kufuliwa kila siku, na maji yalikuwa chini mtoni, tukichimba mchangani kwa kibuyu na kungoja yajae. Zamani mama alikuwa akipanda na maji mgongoni, ukanda kwenye paji la uso, huku anaimba. Sasa mimi nilileta mzigo mmoja kabla ya kwenda shule, na mzigo wa pili ulikuja mgongoni mwa binti wa jirani, ambaye alikunywa uji wetu kila siku aliyokuja. Alikuwa na haki yake. Lakini uji ule ulikuwa chakula cha jioni cha mtu fulani, na mtu huyo alikuwa mimi.

Baba alikuwa Thika, kwenye mashamba ya mkonge ya wazungu. Alirudi mara moja kwa mwaka na kuondoka kabla hatujamzoea, na kilichobaki mkononi mwake baada ya kodi kilitosha chumvi na nguo. Simlaumu sana. Barua zake aliandikiwa na mtu mwingine, na zote ziliuliza jambo moja: mmelima?

Alijua pa kuuliza. Kuku na uji vingevumilika. Kilichokuwa kinatuua ni shamba.

Kwetu shamba halilimwi na mtu mmoja. Wanawake hukusanyika, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kundi hilo tunaliita mwethya. Hakuna malipo ila moja: aliyekuja kwako, wewe uende kwake. Jembe hulipwa kwa jembe. Hakuna aliyeandika siku hizo popote, na hakuna aliyezisahau. Mwanamke aliyekulimia ana kumbukumbu kali kuliko karani wa kodi. Kundi la mama lilikuwa la wanawake kumi na wawili, yeye akiwemo, na kiongozi wao alikuwa jirani yetu wa upande wa juu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kanisani. Yeye na mama waliolewa kwenye mlima ule mwaka mmoja. Waliitana mwiitu wa mwaitu, yaani binti ya mama yangu, na sikuwahi kuwaona wakigombana.

Ardhi yetu lazima ivunjwe ingali kavu, mbegu ingoje mvua ya Novemba ikiwa tayari chini. Mvua yenyewe ni fupi na haina subira. Anayepanda wiki moja baada ya mvua kuanza huvuna majani.

Msimu wa kwanza baada ya hospitali, mama alifuata njia ambayo desturi yenyewe ilimwachia. Mjane mzee, au mgonjwa, au mke aliyejifungua jana, akiwa hawezi kwenda kulimia wenzake, huwaita na kuwalisha. Si uji tu, ni kulisha. Tukachinja mbuzi wawili. Tukapika mahindi na maharagwe, vyungu vinne, na wanawake kumi na mmoja wakaja na watoto wao, na mama wakwe zao wakapita kusalimia. Walilima kwa bidii na wakala kwa bidii. Tulipovuna, mama alimimina mahindi yote sakafuni, akayatazama, akaniambia niyarudishe maguniani, gunia moja moja. Niliyarudisha. Akasema, "Waliyokula ni mengi kuliko haya."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Shamba lilikuwa limekula zaidi ya lilichozaa, na mtu anayeweza kulima hilo halimpati, maana yeye hulipa kwa jasho, na jasho huota tena kesho yake. Mbuzi aliyechinjwa haoti. Kabla mwaka haujaisha mmoja alikwenda kwenye kodi, mmoja akafa kwa ugonjwa, na zizi likabaki na jike mmoja.

Msimu wa pili ulipokaribia, baba alituma shilingi tatu kwa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani. Mama aliziweka kwenye kitambaa siku nzima, kisha akanituma nimwite kiongozi. Alipokuja akazisukuma mbele yake juu ya kigoda.

"Gawanya na wenzako," mama akasema. "Mje mnilimie siku moja tu."

Yule mwanamke alizitazama zile pesa kama mtu aliyetemewa mate.

"Mwiitu wa mwaitu, sasa wewe unanilipa mimi pesa? Mimi nimekuwa kibarua wa mkonge lini?"

"Basi nifanye nini?"

"Tutaona. Mungu yuko. Atakupa mguu mpya mbinguni."

"Mbinguni kuna jembe?" mama akauliza. "Mimi nautaka mguu kabla ya Novemba."

Kiongozi akacheka, akamkumbatia, akaenda zake. Shilingi zilibaki juu ya kigoda. Huenda mtu atasema angezichukua, na mimi nimesema hivyo mara nyingi, nikiwa peke yangu. Lakini kwetu, ukimlimia mwenzako kwa pesa umekubali kwamba yeye si mwenzako tena. Alikuwa anamlinda mama asiwe mgeni. Ndivyo alivyoona, na hakuwa mnafiki.

Wiki ile mama alichukua panga akakata mpini wa jembe lake, ukabaki mfupi kama mkono wa mtoto. Akashona kipande cha ngozi ya mbuzi, akakifunga kwenye makalio. Nilirudi kutoka shule nikamkuta nyuma ya nyumba, ameketi chini, anapiga jembe mbele yake, kisha anajisukuma kwa mikono kwenda nyuma, anapiga tena. Alikuwa amelima mstari mrefu. Uso wake wote ulikuwa vumbi na meno yalikuwa nje.

"Nimepata," akaniambia. "Kwa nini sikufikiria hili mwaka jana? Kulima si kwa miguu. Kulima ni kwa mikono."

Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi hivyo, na nilifurahi naye kama mpumbavu. Siku tatu zote alifanya mazoezi. Mpango wake ulikuwa mwepesi: ataanza safari ya shamba la watu kukiwa bado giza ili afike na wenzake, atalima mstari mmoja wakati wao wanalima miwili, lakini atalima tangu alfajiri hadi mwisho, na siku yake itahesabiwa. Mashamba kumi na moja, siku kumi na moja. Kisha watakuja kwetu, bila mbuzi, bila vyungu vinne, na ardhi yetu itavunjwa kabla ya mvua.

Siku ya kwanza ya mwethya ilikuwa kwa kiongozi mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi, siku isiyo na shule, nikaenda na mama nimbebee jembe na ngozi. Tulifika jua halijachomoza. Mama akashuka chini kwenye kona ya shamba, akajifunga ngozi yake, akaanza. Wenzake walikuja wakiimba. Walipomwona wimbo ukakatika.

Niliwaona wanatazamana. Mmoja akaweka mkono mdomoni. Mama hakuinua kichwa. Alipiga jembe, akajisukuma, akapiga. Alikuwa ameshalima kipande cha kulala watu wawili. Kiongozi akamjia mbio, machozi yanamtoka, kweli machozi, akapiga magoti kwenye udongo na kulishika jembe.

"Hapana. Hapana, mwiitu wa mwaitu. Watu watasema nini? Mungu atatuuliza hii."

"Niache nilime."

"Sisi tuko kumi na moja na miguu yetu yote, halafu wewe utambae kama mtoto? Kwangu? Hapana, haiwezekani."

Mama alishikilia mpini. Kiongozi akavuta. Mpini ulikuwa mfupi, hakukuwa na pa kushikia watu wawili. Wengine nao wakaja, wakamwinua kwa makwapa, kwa upole mkubwa, wakambeba hadi kwenye kivuli cha ua, wakamfuta udongo kwa kanga zao. Wakamwambia apumzike. Na kwa kuwa alikuwa amekaa tu, wakamwachia watoto wachanga.

Walikuwa tisa. Nilikuwepo, niliwahesabu. Mmoja alikuwa anaota meno na mwingine anaharisha, na aliyeanza kutambaa alikuwa na hamu ya kula mavi ya kuku. Mama alichunga watoto tisa kwa mguu mmoja tangu asubuhi hadi jua kali, akivuta huyu kwa gongo, akimtikisa yule pajani. Wanawake walilima mikono yao ikiwa huru kama hawajawahi kuzaa. Walimaliza mapema kuliko desturi, na walisema wenyewe kwamba wamemaliza mapema.

Walipokaa kula, wakapanga mashamba yanayofuata. Mama akauliza kwa sauti ya kawaida, "Na hii siku yangu ya leo itarudi lini?"

Kiongozi alimtazama kwa mapenzi.

"Siku gani tena? Wewe leo si ulipumzika?"

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeona kosa. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama yangu, aliyezaa na kulima kwenye mlima ule miaka kumi na mitano, walimnyang'anya jembe kwa mikono miwili, wakamfanya mgeni wa siku mbili, siku ya tatu yake isifike kamwe. Na walifanya hivyo wakilia. Ningependa wangekuwa wabaya. Mtu mbaya unaweza kumtukana ukalala.

Tulipofika nyumbani mama akakaa mlangoni na kuniambia nimletee maji, akanywa, kisha akaanza kulia kwa sauti, mdomo wazi, kama walivyokuwa wakilia wale watoto tisa. Nilisimama pale na kibuyu. Nilitaka kumwua mtu na sikujua nani.

Jumatatu sikwenda shule. Ilikuwa shule ya kanisa, chumba kimoja cha udongo, na mwalimu alikuwa ameshaanza kunipa kitabu nisomee wadogo. Nilipita mbele ya mlango ule nikiwa na jembe begani, na nilipita haraka. Mama hakunituma. Nilimwambia asubuhi kwamba jembe lako nitalishika mimi, akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa ruhusa na kulikuwa pia kitu kingine ambacho sikutaka kukitazama.

Wanawake walinikubali. Lakini mtoto si mtu mzima. Siku yake ni nusu siku. Ndivyo ilivyokuwa kwa watoto wote, hawakunionea. Kwa hiyo mashamba kumi na moja yangetuletea wanawake watano na nusu, na kwa lile la kwanza, ambalo mimi nilibeba jembe tu, kiongozi alisema kwa ukarimu kwamba nalo nihesabiwe. Nilipomweleza mama, alifikiri kidogo.

"Hiyo nusu usiitafute mbali," akasema. "Hiyo ni mimi."

Tukacheka wote wawili mpaka tukashikana. Sijui tulikuwa tunacheka nini.

Nililima. Mashamba ya watu ni makubwa unapokuwa na miaka kumi na mitatu na uji wako wa jana umenywewa na mbeba maji. Viganja vilipasuka, vikapona, vikapasuka. Kila jioni nilimwambia mama tumefika shamba la ngapi, naye alitazama angani upande mawingu yanakotokea. Zamu yetu ilikuwa ya mwisho. Kiongozi ndiye aliyepanga hivyo, na alitueleza sababu yake: wengine wana wanaume wa kuwauliza na ng'ombe wa kuchunga, lakini nyinyi mko hapo nyumbani tu, hamna haraka.

Tulikuwa tumelima shamba la kumi na moja jana yake mvua iliponyesha. Ilinyesha mchana, mapema kuliko tulivyotazamia, na mlima mzima ulipiga vigelegele. Mimi nilikimbia hadi kwa kiongozi nikiwa nimelowa.

"Kesho mtakuja?"

"Mwanangu, mvua imeshika. Sasa ni kila mtu na shamba yake."

Hiyo nayo ni desturi, na kila mtu aliijua, hata mimi. Mvua ikianguka mwethya huvunjika, kwa sababu hakuna anayeweza kumpa mwenzake siku ambayo mbegu yake mwenyewe inaingia ardhini. Madeni hulala hadi msimu mwingine. Alinishika bega na kusema, "Hatutasahau." Nilijua hawatasahau.

Tulilima wawili, mimi na mama. Alitoka kwa magongo, magongo yakazama kwenye tope hadi nusu, akayatupa, akaenda kwa makalio. Udongo mkavu alikuwa ameumudu, tope lilimshinda. Lilimng'ang'ania, kila akijisukuma linamrudisha, na jembe fupi likawa zito kwa udongo ulioganda. Siku tisa tulifanya hivyo. Kigutu kilifunguka upya, nikawa nachemsha maji usiku na kulima mchana. Tulichovunja kilikuwa kipande cha kujenga nyumba mbili, hakizidi. Mvua ikasimama kabla ya Krismasi. Mahindi yetu yalifika magotini mwangu yakakauka.

Kilichofuata sitakieleza kirefu, maana njaa haina hadithi, ni siku moja inayorudiwa. Mbuzi wa mwisho aliuzwa sokoni kwa wanunuzi wa mifugo, Waislamu kutoka kaskazini-mashariki, na mmoja wao alipoona nilivyomshika yule mbuzi shingoni akaniongezea vitumbua viwili. Mahindi tuliyonunua yaliisha. Ikabaki mbegu. Mama alikuwa ameihifadhi kwenye kibuyu, imechanganywa na majivu isiingie wadudu, na kila siku alikula kiapo kwamba hiyo haiguswi. Januari haikuguswa. Februari niliugua, nikalala siku nyingi, na nilipoamka kulikuwa na uji. Sikuuliza. Baada ya hapo tulichota ngumi moja, kisha nyingine, tukipuliza majivu.

Mwezi wa Machi, siku moja kabla jua halijawaka, nikasikia wimbo unapanda njia yetu.

Walikuja wote. Si watano na nusu. Kumi na mmoja. Kiongozi alikuwa mbele na majembe yaling'aa. Akamwita mama kwa sauti ya kanisani: "Mwiitu wa mwaitu! Tumekuja kulipa! Na usipike kitu, tumekula kwetu!" Walivunja shamba letu lote kuanzia juu hadi chini. Walilipiga vizuri, udongo mwororo, mistari imenyooka, kwenye kona hawakuacha hata jani. Sijaona shamba lililolimwa vizuri hivyo tangu siku ile. Mama alikaa mlangoni, mikono mapajani, akitazama.

Walipomaliza, kiongozi alikuja anafuta jasho.

"Leteni mbegu basi. Tuko wengi, tupande yote mara moja."

Mama alivuta magongo yake karibu. Nilijua anachofikiri kama vile nilikuwa ndani ya kichwa chake. Akisema hatuna mbegu, watalia. Watamletea, kila mmoja kibaba. Na kuanzia siku hiyo hatakuwa mwanamke anayedai na kudaiwa. Atakuwa wa kuletewa. Siku zangu zote za jembe zitayeyuka, atarudishwa kivulini, na mimi nitakaa naye huko. Hivyo ndivyo tulivyoona, na tulikuwa tumeona vitu kwa matumbo matupu kwa muda mrefu.

Kiongozi akanigeukia mimi. "Wewe, mbegu iko wapi?"

Nikamtazama mama. Yeye alikuwa anatazama shamba.

"Iko ndani," nikasema. "Tutapanda kesho wenyewe. Mmechoka."

Wakafurahi. Wakatusifu kwa adabu. Kiongozi alimkumbatia mama akasema sasa hatudaiani, na mama akasema hatudaiani. Wakashuka wakiimba. Ndani mlikuwa na kibuyu kimoja chenye majivu.

Mvua ilianza usiku wa tatu. Ilikuwa mvua nzuri, ya taratibu, ya kunywewa na ardhi. Shamba letu lililolimwa na kulainishwa liliinywa yote, na baada ya wiki mbili lilikuwa la kijani kutoka juu hadi chini, magugu mazito, yenye afya. Waliopita njiani walisimama kutazama.

Nilisikia maneno yao kisimani mchangani, wakiwa hawajui niko nyuma ya ukingo. Ilikuwa sauti ya kiongozi, na haikuwa na hasira hata kidogo, ilikuwa na masikitiko tu.

"Tulimlimia shamba zima, hata kupanda akashindwa. Hawa watu hata ukiwasaidia namna gani."

Nilipanda na maji hadi nyumbani nikamwambia mama, kila neno. Nilitaka akasirike. Nilitaka twende wote wawili, yeye na magongo yake, tukasimame kwenye ua wa yule mwanamke tukamwonyeshe kibuyu. Mama alinishika gauni nisitoke.

"Wamesema kweli," akasema. "Sikupanda."

Mwezi wa Oktoba nilikaa asubuhi kadhaa mlangoni, jembe la mama limelala magotini, nikisubiri kuitwa. Walipita njia ya chini wakienda kwenye shamba la kwanza, wakatupungia mikono, wakatuuliza hali, na kiongozi akapanda hadi kwetu akaacha kibaba cha unga kwenye kigoda. Walikuwa kumi na mmoja, na hakuna aliyeuliza wa kumi na mbili yuko wapi.